Vitanda vya Bwana Kesho

Mtu akikuambia kazi ya wifi yangu ilikuwa ya ofisini, ya kukaa tu, mlete kwangu. Mimi ndiye wa mapokezi katika kiwanda kile cha vitanda na magodoro, na pale nilipo naona ngazi, naona mlango wa ghala, naona hata mlango wa choo ambao haufungi vizuri. Wifi nilimwona kote huko, kasoro kitini kwake. Alikuwa kiguu na njia tangu kunapokucha, raba miguuni, viatu vyake vizuri amevisukumia chini ya meza avivae wageni wakija.

Kiwandani hakuna aliyemwita kwa jina. Walimwita Njia Panda, kwa kuwa hakuna kilichotoka huku kwenda kule bila kupitia kwake. Mimi namwita wifi, maana ni mke wa kaka yangu, na tunakaa ua mmoja: wao nyumba ya mbele, mimi chumba cha nyuma na cherehani yangu. Kwa hiyo namjua kazini na namjua akiwa na kanga kiunoni anafua. Ninayoyasema sikusimuliwa.

Shida yenyewe ilikuwa hivi. Idara ya mauzo ilikuwa na programu yake ya kompyuta, ghala lilikuwa na yake, na wahasibu nao walikuwa na yao. Kila moja ilinunuliwa kwa wakati wake, na bosi wake, kwa sifa zake. Zote ziko chini ya paa moja na hazisalimiani. Kule mauzo kitanda kiliitwa kitanda. Ghalani kitanda hicho hicho kilikuwa herufi mbili na mkia wa tarakimu, na kwa wahasibu kilikuwa namba nyingine kabisa, na ole wako ukosee. Basi oda ikiingia mauzo, wifi aliisoma kwenye skrini ya kushoto, akaiandika upya kwenye skrini ya kulia kwa lugha ya ghala, akashuka ngazi kuhakikisha kama mzigo kweli upo, akapanda tena kuwaandikia wahasibu kwa lugha yao ili watoe ankara. Akimaliza hiyo, kuna nyingine. Mteja akipiga simu kuuliza mzigo wake umefika wapi, mimi nifanye nini? Nilimpa wifi.

Na zaidi ya yaliyoandikwa, alijua yasiyoandikwa. Mtunza ghala, mzee mwenye roho safi na woga mwingi, alikuwa na tabia ya kuficha magodoro chini ya turubai ili asije akaishiwa. Akisema yamebaki machache, wifi alijumlisha ya turubai kichwani bila kumwaibisha. Mkuu wa mauzo, mwanamama wa manukato na visigino, alikuwa na Bwana Kesho.

Bwana Kesho hakuwepo duniani. Alizaliwa pale pale ofisini. Mteja wa kweli akija, akapenda kitanda, akasema atarudi kesho kukichukua, mkuu wa mauzo hakutaka mwingine akinyakue. Programu yake haikuwa na mahali pa kumshikia mtu mzigo. Basi aliandika oda kwa jina la Bwana Kesho, kitanda kikaonekana kimeshauzwa, na mwenyewe akitokea jina linabadilishwa. Wifi akikutana na oda ya Bwana Kesho aliiruka, haikuteremka ghalani. Tulimzoea bwana huyo mpaka tukawa tunamjulia hali. “Bwana Kesho hajambo?” nilikuwa nikimuuliza mkuu wa mauzo akipita. “Hajambo, leo kachukua makabati mawili,” ananijibu, na visigino vinaendelea kugonga sakafu.

Maisha yalikwenda hivyo na kiwanda kilisifiwa. Aliyeumia ni mmoja. Wifi alikuwa haendi likizo. Siyo kwamba alinyimwa kwa karatasi, la, alikubaliwa kila mwaka kwa tabasamu. Ila akiondoka tu, vitu vinalala chini. Kuna aliyewahi kuwekwa mahali pake kwa siku chache, akapeleka godoro la mtoto kwa bwana harusi. Na binti yake wa pekee alipojifungua mara ya kwanza, kwenye mji anakokaa na mumewe, wifi alifika asubuhi, akamshika mjukuu, na kabla ya chai kupoa simu ikaita. Jioni alikuwa ndani ya basi anarudi. Binti hakulalamika. Ni mtoto aliyelelewa, ana haya.

Sasa alikuwa na mimba ya pili, na siku moja tumekaa barazani wifi akampigia kumwambia kwamba safari hii atakuja kumtunza mpaka atoke arobaini. Simu ilikuwa wazi, nikasikia kwa masikio yangu. “Usijisumbue, Mama,” binti alisema kwa sauti ya upole kabisa. “Nimeshaongea na mama mkwe, atakuja yeye. Wewe una kazi.” Wifi akasema sawa mwanangu, akakata simu, akabaki ameishika mkononi. Angetukanwa ingemuuma kidogo kuliko ule upole.

Kesho yake alipanda kwa mkurugenzi. Mkurugenzi wetu si mtu mbaya, ila ana ulimi wa asali na kazi hazimpungukii. Akamwambia, “Mama, wewe ukiondoka, nani atatuendeshea?” Wifi akamjibu kwamba atafute kitu cha kuendesha, maana yeye ni mtu na ana mtoto. Na mkurugenzi, nampa haki yake, alitafuta.

Ndipo akaja mtaalamu wa programu, mwanamume mrefu mwenye kipara na adabu nyingi, anayesema tafadhali hata kwa mashine ya chai. Alitukusanya akatueleza. Hataondoa programu ya mtu yeyote, mauzo wabaki na yao, ghala na yao, wahasibu na yao. Ataleta programu nyingine ikae katikati, ambayo kazi yake ni kuchukua neno hapa, kuligeuza liwe lugha ya kule, na kulifikisha bila mtu kulishika.

“Kumbe ni mshenga,” mkuu wa mauzo akasema.

“Ndiyo, mama, ni mshenga hasa,” akajibu yule mtaalamu, na jina likashika hapo hapo.

Watu walimjia wifi na nyuso za msibani. Pole dada, ndiyo wanakutoa hivyo. Mtunza ghala alimletea ndizi. Wifi alipowaambia kwamba Mshenga kamwomba mwenyewe, kwamba yeye atabaki kuwa msimamizi wa oda na mshahara wake pale pale, na kwamba mkurugenzi ameahidi Mshenga akiendesha wiki moja sawasawa bila yeye atampa likizo yake yote, walidhani amechanganyikiwa. Miezi iliyofuata alikaa na mtaalamu wa kipara wakioanisha majina: kitanda hiki cha mauzo ndicho hiki cha ghala, ndicho hiki cha wahasibu. Sikuwahi kumwona na raha vile. Alipiga simu kwa binti mara mbili, akaanza kusema, akaacha. Alitaka kwanza iwe kweli.

Mtaalamu aliuliza yote ya kuuliza. Nilikuwa nimepeleka chai siku alipoonyesha majina ya wateja kwenye skrini, akasema, “Kati ya hawa, tafadhali, yupo ambaye oda yake haitakiwi kwenda ghalani?” Tukaangaliana. Tukasema hakuna. Akagusa skrini. “Huyu Bwana Kesho ananunua sana. Ni wakala?” Mkuu wa mauzo akacheka kwa mapenzi. “Huyo mwache, baba. Ni mteja wetu wa siku nyingi.” Wifi akaitikia kwa kichwa. Na mimi mwenye birika mkononi nikaitikia. Naapa hakuna aliyekuwa akidanganya. Wifi alikuwa akimruka Bwana Kesho kwa mazoea tu, hata hajui tena kwamba anamruka, na sisi wengine tulishasahau kwamba hajazaliwa.

Siku ya kumwasha Mshenga mkurugenzi alinunua soda. Mtaalamu akabonyeza, na oda ya kwanza ikatoka mauzo ikatokea ghalani kabla mkuu wa mauzo hajameza mate. Ankara ikachungulia kwa wahasibu. Tulipiga makofi, mtunza ghala akafuta machozi. Akaambiwa na mkurugenzi, “Mzee, kuanzia leo hakuna kupanda ngazi kumuuliza Njia Panda. Skrini ikisema pakia, pakia.” Akasema ndiyo bosi.

Wiki ile Bwana Kesho alikuwa amebeba mzigo wa kutosha. Mwalimu mkuu wa shule moja ya bweni ya wasichana alikuwa amechagua vitanda vya chuma, vile vya kulala mmoja juu mmoja chini, na kuahidi kuja na lori lake kabla wasichana hawajafungua shule. Mkuu wa mauzo alimshikia vyote kwa jina lile lile. Mshenga, ambaye hajui utani wetu, akavipeleka ghalani kama vilivyo. Mtunza ghala alipoona oda ile alishituka, akaweka mguu kwenye ngazi. Akakumbuka alivyoambiwa. Akapakia.

Mchana simu ya mapokezi ikaita. Ni kaka yangu, mstaafu, anayeshinda nyumbani na redio yake.

“Mdogo wangu, wifi yako yuko salama huko?”

“Salama. Kwa nini?”

“Kaniletea vitanda.”

“Vitanda gani?”

“Vya chuma. Sebule imejaa, ua umejaa, na dereva anauliza vingine aviingize chumbani kwako.”

“Usimruhusu! Na nani kasaini?”

“Nimesaini mimi. Karatasi ina anuani yetu, simu ya mke wangu, na jina Bwana Kesho. Nikajua ni mambo yenu ya kazini. Nikasema labda ananifanyia sapraizi.”

Nilipanda ngazi mwenyewe, na mimi si mtu wa ngazi. Wifi aliponisikia akashika kichwa. Zamani, mkuu wa mauzo alipomtunga Bwana Kesho, programu ilikataa kuendelea bila anuani na simu, na wifi, siku hiyo ana haraka, aliipa za kwake ili inyamaze.

Haikuwa dakika ya kucheka, maana mwalimu mkuu alikuwa ameshaingia getini na lori tupu. Alisimama mbele ya meza yangu, miwani puani, akaniuliza vitanda vyake viko wapi, na mimi ambaye sijawahi kukosa jibu nikampa kiti. Mkurugenzi alishuka, akasikiliza, shingo ikamvimba. Akamgeukia mtaalamu.

“Zima hicho kitu.”

“Tafadhali, bosi, tungeangalia kwanza…”

“Zima. Tunarudi kwa mama.” Kisha, kwa ile asali yake, akamwambia wifi, “Mambo ya likizo tutazungumza mwakani, mama. Unaona mwenyewe hali ilivyo.”

Wifi alikwenda kwenye kiti chake, akakaa, akavuta kibodi, akaanza kusoma skrini ya kushoto na kuandika skrini ya kulia. Nilitamani nimpe mkurugenzi vidonge vyake mbele ya watu wote, kazi na iishe. Nilishindwa kwa sababu nilijua vitanda ni kosa letu sote, na hilo ndilo lililonikera zaidi.

Mwalimu mkuu tulimwelekeza nyumbani kwetu. Alipofika alimkuta kaka amefunga kitanda kimoja kwa bisibisi yake na amelala ghorofa ya juu, anasikiliza taarifa ya habari. Mwalimu yule, mama wa watu, alicheka mpaka akavua miwani. Akapakia vitanda vyake, akamwachia kaka namba ya simu akihitaji kazi ya kufunga vilivyobaki, na kaka akaenda kweli.

Jioni wifi alikuwa barazani, anazoa maboksi yaliyoachwa na vitanda. Nikamsaidia. “Nilikuwa sijamwambia mwanangu,” akasema. “Nilitaka nimwambie tarehe kabisa. Sasa bora hivyo, hatajua kwamba nimeshindwa tena.” Nikamwambia aache ujinga. Sijui kubembeleza, ndivyo nilivyoumbwa. Lakini nilikaa naye mpaka boksi la mwisho, na nikamwambia nilichokiona: kwamba Mshenga hakukosea hata neno moja. Alipeleka alichoambiwa. Aliyeambiwa uongo ni yeye.

Wifi akaingia ndani kupiga pasi.

Asubuhi alikuja kazini na viatu vyake vizuri, na raba hakuzibeba. Aliomba watu wote wakae chumba cha mikutano, na mkurugenzi, nadhani kwa mshangao, akakubali. Akasimama.

“Bwana Kesho ana anuani yangu,” akasema. “Niliiweka mimi, na mimi ndiye niliyemruka kila siku nikasahau kusema. Hilo langu. Lakini naomba kila mtu aseme na lake, kwa sababu mimi nimeyabeba yote kichwani na nimechoka. Nataka kwenda kwa mtoto wangu.”

Mtunza ghala akasimama, akavua kofia.

“Chini ya turubai kuna magodoro,” akasema. “Mengi.”

Mtu akaguna, mwingine akacheka, na kicheko kikapasua chumba. Mkuu wa mauzo alisimama na visigino vyake. Akasema Bwana Kesho ni mtoto wake, amemlea, lakini kama ndiye anayemzuia mama wa watu kwenda kwa bintiye, basi amfute leo mbele yetu. Mhasibu akasema ankara za Ijumaa huwa anaziandika Jumatatu. Hata mimi nilisema, maana macho yalinigeukia: wateja wakali nilikuwa nawaambia mzigo uko njiani bila kujua njia ipi.

Akabaki mkurugenzi. Sote tukamtazama, na yeye akatazama dari. Wifi ndiye aliyemsaidia, kwa heshima zote. “Bosi, zile oda za marafiki zako, unazoniambia mlangoni ukipita. Haziko kwenye programu yoyote.”

“Ni nyingi hivyo?” akauliza.

“Ni nyingi kuliko za Bwana Kesho,” wifi akasema.

Nampenda mkurugenzi kwa kilichofuata. Alicheka, akapangusa uso kwa kitambaa, akamwambia mtaalamu, “Washa hicho kitu. Na kama kuna mtu mwingine wa kumfundisha, anza na mimi.” Mtaalamu alisema tafadhali na asante, akafanya kazi siku ile na ya pili yake, akamwongezea Mshenga kituo cha oda zinazosubiri: mzigo unashikwa kwa jina la mwenyewe wa kweli, na hauteremki ghalani mpaka mauzo waseme amefika. Mkuu wa mauzo alimfuta Bwana Kesho kwa kidole chake mwenyewe, macho yakiwa na maji kidogo. Nilimpa tishu.

Ikaja ile wiki ya majaribio, na wifi akaletwa kukaa mapokezi pamoja nami, marufuku kugusa skrini. Lo, nilifaidi! Alikaa mikono mapajani anasikia simu zinaita na hazimhusu. Mtunza ghala akaja mbio siku ya kwanza.

“Dada, vile vya futi sita…”

“Skrini inasemaje, mzee?”

“Inasema vipo.”

“Na turubai?”

“Turubai nimelianika nyumbani.”

“Basi kapakie.”

Akaenda kupakia. Mkurugenzi naye alishuka siku moja, akafungua mdomo kumwelekea wifi, akaona ninavyomtazama, akaufunga. Alipanda ngazi, na kupitia uwazi wa mlango nikamwona anaandika oda ya rafiki yake kwa vidole viwili, ulimi nje. Mambo yalikwama hapa na pale, sitaki kutia chumvi. Kuna kabati lilikwenda bila milango. Lakini yalikwamuliwa na wenyewe, na hakuna aliyemfuata wifi.

Ijumaa mkurugenzi alimpa mkono na barua ya likizo. Wifi aliisoma, akaikunja, akaisoma tena. Hakumpigia binti. Akasema simu ameshazichezea vya kutosha, sasa atafika.

Nilimsindikiza, shangazi mtu nami nina haki yangu. Ndani ya basi hakulala. Kila simu yangu ilipoita aliruka, na kila mara alikuwa kaka anauliza sukari inakaa wapi.

Binti alitufungulia mlango mwenyewe, tumbo mbele, mkono kiunoni. Alifurahi, akatukumbatia, akatukaribisha, akaanza ile haraka ya kumwandalia mtu anayeondoka: kaeni, mle kwanza, Mama, basi lako la kurudi ni la saa ngapi, nimwambie mume wangu awapeleke kituoni? Akanyoosha mkono ampokee mama yake mkoba. Hapo ndipo alipoona begi. Wifi alikuwa amelisimamisha nyuma yake kizingitini, lile kubwa kuliko yote nyumbani kwetu, zipu imebana.

“Hilo la shangazi?” binti akauliza.

“Langu,” wifi akasema.

“Lote?”

“Lote. Kuna na ndala zangu.”

Binti alilitazama begi, akamtazama mama yake, mdomo ukaanza kumchezacheza. Alilia kama alivyokuwa akilia utotoni, bila kuziba uso. Tulimkataza kubeba, mimi nikamkaripia kabisa kwamba atajifungulia mlangoni. Hakumsikia mtu. Alilishika begi kishikio cha juu, akaliburuta mwenyewe mpaka ndani.